"Kwangu Linafunguka": Kwa Nini Faili Lako la Asembli Limerudishwa

Tangu sharti la marejeo ya nje, yaani vipimo au maumbo ambayo kipande kinayachukua kutoka faili jingine, lianze kutumika kwenye dawati letu la kupokea michoro ya mitambo, barua za malalamiko zimezidi, na nyingi zina sentensi ileile: "Kwangu linafunguka vizuri." Hatuna shaka linafunguka. Kwenye kompyuta yako zipo folda zote, ipo asembli, yaani mkusanyiko wa vipande vyote vya mtambo, ambamo kipande kilichorwa, na kipo kipande jirani ambacho kipande chako kilipimiwa mwilini mwake. Sisi umetuletea kipande peke yake. Tunakifungua, tunabadilisha kipimo kimoja kama utaratibu wa ukaguzi unavyotaka, nacho kinasambaratika.

Niondoe kwanza uvumi. Hatujapiga marufuku kuchora kipande ndani ya asembli. Kifuniko kinachopaswa kufuata ukingo wa mwili wa giaboksi kichorwe hukohuko, mwili wenyewe ukiwa mbele ya macho. Kukichora kando kwa kukisia ni kujitafutia kazi mara mbili. Wapo wasanifu ambao, baada ya kusikia habari za sharti hili nusunusu, wamerudi kuandika kila kipimo kwa mkono katika kila kipande, kisha wanatulaumu kwamba tumewarudisha nyuma. Sharti lina kurasa nne. Tunaomba lisomwe lote.

Linachotaka ni kwamba kila rejeo linalotoka nje ya kipande lijulikane: limeshika nini, kwenye faili lipi, na siku ya kuwasilisha lilikuwa hai, limefungwa, au limekatwa. Basi.

Kosa tunalokutana nalo zaidi linahusu matundu ya bolti. Msanifu anachora kifuniko juu ya mwili wenye matundu ya nyuzi za M6 (bolti ya kipenyo cha milimita 6). Anafungua skechi (mchoro bapa wa mistari) kwenye uso wa mwili, anayavuta maduara yote kwa amri moja, anatoboa, anafurahi kwamba matundu yamelingana. Yamelingana kweli, kupita kiasi. Tundu la M6 linalosubiri kukatwa nyuzi hutobolewa kwa milimita 5, na mara nyingi hivyo ndivyo lilivyochorwa kwenye mwili. Tundu la bolti hiyohiyo kupita kwenye kifuniko linatakiwa liwe milimita 6.6 kwa daraja la kati la ISO 273, kiwango cha kimataifa cha matundu ya bolti. Kwa hiyo kifuniko kimerithi milimita 5, na hakuna bolti ya M6 duniani itakayopita humo. Kitovu cha tundu ndicho cha kurithi. Duara lichore mwenyewe na ulipe kipimo chake. Kitovu kikihama mwilini, tundu la kifuniko litahama nalo, na kipenyo kitabaki kile ulichokiamua wewe.

Jambo hilohilo hujirudia kwenye shafti na bushi, yaani beringi za bomba ambamo shafti huzunguka. Ukiurithi mduara wa milimita 20 moja kwa moja, shafti na tundu vinakuwa na kipimo kimoja kamili, na kwenye skrini vinaonekana vimekaana kwa namna ya kupendeza. Karakana haitengenezi skrini. Kwa fiti (namna shafti inavyokaa tunduni) ya H7/g6, tundu huanzia milimita 20.000 hadi 20.021, na shafti huanzia 19.980 hadi 19.993, kati yake kuna nafasi ya kuanzia mikroni (elfu za milimita) 7 hadi 41, na nafasi hiyo ndiyo inayoiwezesha shafti kuzunguka. Programu haiwezi kukuamulia nafasi hiyo kwa kutazama umbo la jirani. Rejeo hukupa mahali pa kitu. Fiti ni uamuzi wako na lazima iandikwe. Mkaguzi akikuta mfano wa kipande hauna toleransi (tofauti ya kipimo inayoruhusiwa) na maelezo yanasema "imechukuliwa kutoka kwenye asembli", faili linarudi bila mjadala.

Lipo kosa jingine nililolifanya mimi mwenyewe nilipokuwa bado nachora kwa kulipwa, kabla sijahamia upande huu wa meza. Nilichora bano la kushikilia waya ndani ya asembli yenye mkono unaoteleza, na nikapima urefu wa bano kutoka kwenye uso wa ule mkono. Siku mbili baadaye mwenzangu alivuta mkono ili aone kama unafika mwisho wa njia yake. Bano likarefuka nao. Yeye hakuona, mimi sikuwepo, mchoro ukatoka na urefu wa siku ile. Vipande vilipoletwa kutoka karakana vilikuwa virefu kiasi cha kugonga ukuta wa sanduku. Tangu hapo sishiki kitu kinachotembea. Nashika reli, fremu, au chochote kilichofungwa na hakina sababu ya kuhama.

Kuhusu mzunguko wa marejeo sitasema mengi, kwa kuwa programu yenyewe huwa inapiga kelele. Kipande A kikichukua urefu wake kwa B, na B kikachukua wake kwa A kisha kikaongeza milimita 2, kila ukijenga upya mfano vyote viwili vinakua. Mwombaji mmoja alitueleza kwamba faili lake "linatakiwa lijengwe mara tatu hasa". Hapana.

Dawa ninayoipendekeza kwa asembli yenye vipande zaidi ya vichache ni kiunzi. Tengeneza faili moja lisilo na nyama: bapa za msingi (nyuso tambarare za kurejelea), mihimili ya shafti, skechi ya mpangilio wa matundu, mipaka ya sanduku. Kila kipande kirejee kiunzi, na kipande kisirejee kipande kingine isipokuwa una sababu unayoweza kuitamka. Watumiaji wa Creo wana faili la aina hii lililotengewa nafasi yake kwenye programu. Kwenye NX kazi hiyo hufanywa na WAVE. Kwenye Inventor na SolidWorks unaweza kukifanya kiunzi kuwa kipande cha kawaida na kukirithisha kwa wengine. Faida yake inaonekana siku kipande kimoja kinapofutwa. Katika asembli ambayo vipande vimeshikana mashati, ukifuta kimoja sita vinalia. Penye kiunzi, hakuna anayelia.

Na ndani ya kiunzi hicho, shika bapa, mhimili na skechi kuliko ukingo. Ukingo ni kitu cha kupita: mtu akiviringisha kona, ukingo uliokuwepo haupo tena, na rejeo linaning'inia hewani au, vibaya zaidi, linahamia ukingo wa karibu bila kukwambia. Tatizo hilo la programu kupoteza majina ya nyuso na kingo ndilo lililowasumbua watumiaji wa FreeCAD kwa miaka mingi, hadi toleo la 1.0 la Novemba 2024 lilipolipunguza. Programu za kulipia nazo hazijapona kabisa, hata wauzaji wakisema nini.

Vipande vya kawaida, yaani bolti, beringi, mota ya kununua, visiwe na rejeo lolote la nje. Mota haibadiliki umbo eti kwa sababu flenji yako imepanuka. Hili halina msamaha wala njia ya kukata rufaa.

Sasa utaratibu. Kabla ya kuwasilisha, fungua orodha ya marejeo ya nje ya kila kipande. Kwenye SolidWorks alama ziko mwishoni mwa jina kwenye mti wa hatua (orodha ya hatua za kuchora): mshale mtupu maana yake rejeo liko hai, mshale wenye alama ya kuuliza maana yake asembli yake haijafunguliwa au haipatikani, nyota maana yake limefungwa, na x maana yake limekatwa. Kufunga na kukata si kitu kimoja, na hapa ndipo barua nyingi zinapopotoka. Rejeo lililofungwa limesimama tu. Ukilifungua litaendelea kufuata. Rejeo lililokatwa halifuati tena, lakini kulikata hakujaipa skechi vipimo vyake. Umbo linabaki limesimama bila kitu cha kulishikilia. Ukikata, rudi uweke vipimo na masharti kwa mkono. Faili lenye mikato kumi na skechi kumi zisizo na kipimo tunalihesabu sawa na faili lililovunjika.

Usibadilishe jina la faili kwa kidirisha cha kawaida cha kompyuta, na usinakili folda ukadhani umenakili asembli. Nakala mpya inaweza kuendelea kutazama vipande vya folda ya zamani, na siku ukihariri "nakala" unakuwa umehariri kazi iliyokwisha kupitishwa. Tumia amri ya programu ya kufungasha mafaili pamoja na yote yanayotegemewa.

Faili likirudishwa mara ya kwanza, unapewa orodha ya marejeo yenye kasoro na siku 10 za kazi za kurekebisha, nafasi yako kwenye foleni ikiwa imeshikiliwa. Siku hizo zinahesabiwa kuanzia tarehe ya taarifa, si tarehe uliyoisoma. Likirudishwa mara ya pili, ombi linafungwa na unaanza na namba mpya. Mara ya tatu, mawasilisho yako yote ya miezi 6 inayofuata yatapitia ukaguzi wa mkono, ambao ni wa polepole, na hatuna namna ya kuuharakisha. Mabadiliko ya kipande kilichokwisha kupitishwa yanahitaji namba mpya ya marekebisho hata kama hukukigusa kwa mkono wako: kikibadilika kwa sababu jirani yake amebadilika, kimebadilika. Ndiyo sababu tunashauri marejeo ya kila kipande kilichopitishwa yafungwe siku hiyohiyo.

Kuna waliogundua kwamba wakituma STEP (faili la kubadilishana maumbo kati ya programu) peke yake, marejeo yote yanatoweka. Ni kweli, kwa kuwa faili la STEP la kawaida hubeba umbo na kuacha nyuma hatua zilizolizaa. Tunalipokea kama kiambatisho, na tunalilinganisha na faili asili. Likitofautiana, hata kwa sehemu ya milimita, yote mawili yanarudi.

Wenye maombi yaliyofungwa kabla ya sharti kuanza wanaweza kuwasilisha upya kwa namba ya zamani, ilimradi waambatishe orodha ya marejeo kwa kila kipande na waeleze, kwa sentensi moja tu, kwa nini kila rejeo lililobaki hai limebaki hai. "Programu iliweka yenyewe" si sentensi tunayoipokea.