Gesi ya koldrumu haiishi yenyewe jamani

Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba mpaka Igombe, wenye koldrumu (vyumba vya baridi) za samaki wengi wanaamini gesi inaisha kama mafuta ya bodaboda, baridi ikipungua tu wanaita fundi "aongeze kidogo". Sio kweli kabisa. Gesi inazunguka humohumo kwenye mabomba, haitumiki, ikipungua ujue kuna sehemu inavuja na ukiongeza bila kuziba unamwaga hela. Cheki maungio, ukiona doa la mafuta limeshika vumbi paka povu la sabuni, mara nyingi ndo hapohapo.

Na mafundi wenzangu, mapovu kwenye kile kioo cha kutazamia gesi kwenye bomba sio lazima gesi imepungua, filta draya (chujio la uchafu na unyevu) ikiziba yanakuja vilevile. Kondensa (ile kama rejeta inayotoa joto nje) nayo ikijaa vumbi na wale wadudu wa ziwani presha inapanda, baridi inapotea, halafu mtu anaongeza gesi juu yake, kompresa inachemka mpaka inaungua!! Safisha kwanza, pima presha pamoja na joto la bomba, geji ya presha peke yake haitoshi. Kama ni gesi aina ya R404A iingie ikiwa majimaji, polepole, chupa ikiwa kwenye mzani, maana ni mchanganyiko wa gesi kadhaa, ukiitoa kama mvuke uwiano unaharibika.