Kabla ya kujenga daraja la waenda kwa miguu, tazama kitakachopita chini yake

Nikiletewa ombi la daraja la waenda kwa miguu, huanza kwa kuuliza: chini yake patapita nini, maji au magari? Wateja wengi huliona swali la kitoto. Kumbe jibu lake ndilo linaloamua kama daraja litatumika au litabaki mahali pa kutundikia mabango.

Daraja la mtoni humpunguzia mtu safari. Bila hilo, mto ukifurika azunguke mbali, ajitose, au akae nyumbani. Utafiti wa vijijini Nicaragua uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba mafuriko yalikuwa yakipunguza kipato cha kaya, na palipojengwa daraja upungufu huo ulitoweka. Kazi ngumu hapa ni kujua maji hufika wapi. Vipimo vyangu huvianza kwa wazee. Wakinionyesha alama kwenye shina la mti, napima kutoka hapo na kuinua sakafu mita mbili au tatu juu yake, maana mafuriko hayaji na maji matupu, huja na magogo.

Barabarani hesabu inageuka. Lori refu linahitaji nafasi ya mita 5 na ushee. Ongeza unene wa sakafu, mtu anapanda kama mita 6. Kwa kidato cha sentimita 15, hivyo ni vidato 40 kupanda na 40 kushuka. Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji njia ya mteremko wa 1 kwa 12 (kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo), yaani mita 72 kila upande, bado sehemu za kupumzikia. Barabara anayotaka kuivuka ina upana wa mita 20 tu!

Hayo niliyajua kwa hesabu, nikaja kuyajua kwa macho. Daraja langu la kwanza la barabarani lilipofunguliwa nilikwenda kukaa karibu nalo asubuhi nzima. Mama mmoja, mtoto mgongoni, alifika chini ya ngazi, akashika chuma cha pembeni, akatazama juu. Akatazama barabara. Akaachia chuma, akaenda zake kuvukia chini. Kwenye majani ya katikati ya barabara palikuwa na kijia cheupe kilichokanyagwa na wengi kabla yake, na kilielekea moja kwa moja kituo cha basi. Ngazi zangu mimi niliziweka pale kiwanja kilipopatikana kwa urahisi.

Mteja akaamuru uzio. Haukupita muda, nondo mbili zikawa zimepindwa, upenyo wa kutosha mtu kupita kiubavu. Wakati ule niliwaita wakorofi. Leo nadhani mkorofi alikuwa mchoro wangu.

Sisemi barabara isivukwe kwa juu. Juu ya reli yenye treni nyingi, au barabara kuu ambayo magari hayapaswi kusimama, daraja ni sawa kabisa. Tena likipata bahati ya barabara iliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi, mtu anapita bila kupanda hata kidato. Kwingineko, hasa katikati ya makazi, naanza na kivuko cha barabarani penyewe: matuta, mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, na kisiwa katikati ili mtu avuke nusu nusu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya mmoja katika kila watano ni mwenda kwa miguu. Kinachowaua ni mwendo wa magari, na daraja halipunguzi mwendo wa gari hata moja.

Watu huniuliza zaidi kuhusu madaraja yanayoyumba. Millennium Bridge ya London ilifunguliwa Juni 2000 ikafungwa baada ya siku mbili: iliyumba kidogo kiubavu, watu wakapanua miguu kujizuia, hatua zao zikaoana na myumbo na kuuzidisha. Ilifunguliwa tena 2002, ikiwa na vifaa vya kutuliza mtikisiko. Ni kisa kitamu, lakini walau lile watu walitaka kulipita.

Daraja langu la kwanza bado limesimama. Mara ya mwisho nilipofika, chini yake palikuwa pamechorwa kivuko na kuwekwa matuta. Nilikuwa na mzigo, nikavukia hapo.