Siliaki kwa watoto: maswali na majibu kuhusu kipimo cha utumbo

Siliaki hufanya nini ndani ya utumbo wa mtoto?

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai, hushambulia utumbo mwembamba wa mtoto mwenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza virutubisho, na chini yake mna vishimo ambamo seli mpya huzaliwa. Mashambulizi yakiendelea, vinyweleo hufupika hadi pengine kutoweka kabisa, huku vishimo vikizidi kuwa virefu kwa sababu ya kuzalisha seli za kufidia zinazokufa. Mtoto huweza kuharisha, kujaa tumbo, kupungukiwa damu au kudumaa ijapokuwa anakula vizuri.

Mabadiliko hayo hupimwaje?

Mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na daktari huchukua vipande vya milimita chache: angalau kimoja kutoka sehemu ya kwanza kabisa baada ya tumbo la chakula, na angalau vinne kutoka mbele yake. Vipande ni vingi kwa sababu uharibifu huweza kuwa wa mabakamabaka, mahali pamoja pameharibika na jirani yake pakiwa pazima.

Maabara huvikata vipande hivyo vyembamba sana, huvitia rangi, na mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Hupima urefu wa kinyweleo na kina cha kishimo, kisha hugawanya cha kwanza kwa cha pili. Katika utumbo wenye afya jibu huwa 3 hivi au zaidi. Likishuka chini ya 2 kuna sababu ya kushuku. Huhesabu pia chembe nyeupe za limfosaiti zilizojipenyeza kati ya seli za utando wa juu, na zikizidi 25 kwa kila seli 100 hizo huhesabiwa kuwa nyingi. Matokeo hupangwa kwa ngazi za uharibifu zilizopewa jina la mtafiti Marsh, zilizotolewa mwaka 1992 na kurekebishwa mwaka 1999: ngazi ya 1 ni ongezeko la limfosaiti peke yake, ya 2 huongeza urefu wa vishimo, na ya 3 ni kufupika kwa vinyweleo, ambako hugawanywa katika a, b na c kadiri uharibifu unavyozidi.

Je, wataalamu wawili wanaweza kutofautiana juu ya kipande kimoja?

Ndiyo, na mara nyingi chanzo ni namna kipande kilivyolala kilipokatwa. Kikikatwa mshazari, kinyweleo kizima huonekana kifupi, na mtoto huweza kubandikwa uharibifu asio nao. Dalili yake huonekana wazi: vishimo hutokea kama viduara badala ya mirija mirefu iliyosimama. Kwa maoni yangu, ni afadhali kipande hicho kikatwe upya kuliko kukadiria, kwa kuwa jibu hilo litaamua chakula cha mtoto kwa maisha yake yote.

Kipimo cha utumbo ni lazima kila mara?

Si lazima. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unaruhusu kukiacha iwapo kingamwili za siliaki katika damu, yaani protini ambazo kinga ya mwili hutengeneza katika ugonjwa huu, zimefikia mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida, na kipimo cha pili, kwa damu iliyotolewa siku nyingine, kikathibitisha.

Tunaweza kumwachisha mtoto chapati na mkate kwanza?

Tafadhali msifanye hivyo kabla ya vipimo kukamilika. Gluteni ikiondolewa, kingamwili hushuka na vinyweleo huanza kuota tena, na ugonjwa uliopo huweza usigunduliwe. Ifahamike pia kuwa giadia (kimelea cha utumbo), utapiamlo na maambukizi ya mara kwa mara yatokanayo na maji machafu, mambo tunayoyajua sana Afrika Mashariki, nayo hufupisha vinyweleo. Ndiyo maana picha ya hadubini husomwa pamoja na damu na historia ya mtoto.

Utumbo hupona?

Kwa watoto wengi hupona, kwa kawaida ndani ya miaka 2 hivi ya kuacha gluteni kabisa, na maendeleo hufuatiliwa kwa kupima kingamwili. Wali, ugali wa mahindi, muhogo, ndizi, mtama na ulezi havina gluteni kwa asili. Hata hivyo, unga wa ulezi uliosagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano hubeba vumbi lake, kwa hiyo familia inafaa kusaga unga wa mtoto huyo katika mashine isiyosaga ngano.