Harufu ya kasha na damu ya mtoto mchanga

Mwanamke akikaribia kujifungua hapa Lamu, kasha hufunguliwa. Hutolewa kanga zilizowekwa tangu uzazi uliopita, shali, na vikofia vilivyofumwa na shangazi, na vyote vinanuka nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu wa nguo. Nimekulia katika harufu hiyo na hadi leo naipenda. Kwangu ni harufu ya Idi na ya bibi yangu. Lakini kazi yangu ni damu, kule maabara, na vile vidonge vyeupe nimeshaona vinavyoweza kumfanya mtoto wa siku tano.

Huyo wa siku tano aliletwa macho na ufizi vimekuwa vya manjano. Mkojo kwenye nepi ulikuwa rangi ya chai ya mkandaa. Mama alikuwa kimya. Bibi ndiye aliyesema kwa niaba ya wote: mtoto amezaliwa mzima kabisa, amevishwa nguo safi za kaka yake, na siku ya tatu ndipo alipoanza kugeuka rangi. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba huenda damu ya mama yake ni chafu.

Nilipoweka tone la damu yake chini ya hadubini, chembe nyingi nyekundu zilikuwa na pengo pembeni, kama mkate ulioumwa mara moja ukaachwa. Nikapaka tone jingine rangi ya zambarau bila kuzikausha chembe kwanza, na ndani yake vikaonekana vidoa vyeusivyeusi vilivyobandika kwenye ukuta wa chembe. Vidoa hivyo vinaitwa miili ya Heinz, kwa jina la Robert Heinz, daktari Mjerumani aliyevieleza mwaka 1890. Ni hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe, iliyoharibika na kuganda. Chembe ikipita kwenye bandama, bandama hukikwanyua kile kidoa pamoja na kipande cha ukuta, na ndilo lile pengo.

Sasa, kwa nini hemoglobini igande? Chembe nyekundu huishi kama siku 120, na muda wote huo inabeba oksijeni, kitu kilekile kinachotia kutu misumari ya jahazi. Mwili una dawa ya kutu: glutathioni. Kila glutathioni ikitumika inabidi ifufuliwe, na nguvu ya kuifufua hutoka kwenye molekuli iitwayo NADPH. Chembe nyingine za mwili zina njia kadhaa za kuipata hiyo NADPH. Chembe nyekundu haina kiini wala mitokondria, vile vinu vya nguvu vya chembe. Ina njia moja tu, na mlango wa njia hiyo unashikwa na kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kikipungua, chembe huendelea kuishi vizuri tu, ila haina akiba. Siku ya dharura ndipo inapoumbuka.

Aina ya upungufu iliyo ya kawaida zaidi Afrika huitwa A hasi. Katika jeni yake kuna mabadiliko ya herufi mbili, nafasi ya 202 na ya 376. Kimeng'enya hutengenezwa, lakini huchakaa mapema. Kwa hiyo chembe changa inacho cha kutosha, na chembe ya makamo imeshaishiwa. Jambo hili lishike, nitalirudia, maana lilinikosesha.

Upungufu huu ulifahamika kwa njia ambayo hainiridhishi. Wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois, Marekani, walikuwa wakipewa dawa za malaria kwa majaribio. Baadhi ya wenye asili ya Afrika walipopewa primakwini damu yao ilivunjika, na mwaka 1956 Paul Carson, Alf Alving na wenzao wakachapisha kwamba kilichopungua ni kimeng'enya hiki. Elimu tunayoitumia leo kuwalinda watoto wetu ilitoka kwa watu waliokuwa kifungoni, na mtu aliye kifungoni hana nafasi ya kweli ya kukataa. Naona ni haki yao kukumbukwa kila tunapoandika herufi hizo nne kwenye fomu.

Turudi kwenye kasha. Nafthalini ni kaboni kumi na hidrojeni nane, pete mbili zilizoshikana. Haingoji kuyeyuka, inatoka kwenye ugumu na kuwa mvuke moja kwa moja, na ndiyo maana kidonge husinyaa chenyewe hadi kikaisha. Katika nyumba zetu za mawe, kuta nene na madirisha machache, mvuke huo unakaa. Unaingia kwenye pamba. Mtoto akifungwa kanga hiyo anauvuta puani na kuupokea kwenye ngozi, na kwa kuwa nafthalini hupenda mafuta, ngozi iliyosingwa mafuta ya nazi huipokea upesi zaidi. Ikifika kwenye ini hugeuzwa, na miongoni mwa vinavyotokea ni naftokwinoni. Hiyo ndiyo inayounguza akiba ya glutathioni. Mtoto mwenye G6PD ya kutosha anavuka salama. Asiye nayo, ndani ya siku mbili tatu chembe zinapasuka, bilirubini, rangi ya manjano itokayo kwenye chembe zilizovunjika, inapanda, na ini la mtoto mchanga bado halijaweza kuiondoa. Ikizidi huingia kwenye ubongo, na inaweza kumwacha kiziwi au na viungo visivyotii.

Jamaa wa karibu wa naftokwinoni hiyo tunaishi naye humuhumu: rangi ya hina. Lawsoni, ile inayoshika kwenye kiganja, ni naftokwinoni yenye oksijeni na hidrojeni zilizoongezwa mahali pamoja. Madaktari wa nchi za Ghuba wameandika habari za watoto wenye upungufu huu waliovunjika damu baada ya kupakwa hina mwilini. Sisemi bibi harusi aache hina. Kiganja cha mtu mzima ni ngozi nene na eneo dogo. Nasema mtoto mchanga asipakwe, hata kidogo, hata kwa baraka.

Lile lililonikosesha ni hili. Nilimpima yule mtoto G6PD siku ileile aliyoletwa, na majibu yakatoka ya kawaida. Nikayasaini. Nilisahau kwamba chembe zake zilizochakaa zilikuwa zimeshapasuka, na zilizobaki kwenye sindano yangu ni zile changa, zenye kimeng'enya chao bado kizima. Kipimo kilisema kweli kuhusu chembe zilizosalia, si kuhusu mtoto. Bahati daktari alimtibu alivyomwona. Alimweka chini ya taa za buluu na kuamuru nguo zote za kasha ziondoke wodini. Siku hizi mtu aliyevunjika damu nikimpima, naandika pembeni kwa mkono: rudia baada ya miezi mitatu.

Wengi huniuliza watajuaje kidonge walichonacho ni nini, maana dukani ukiomba kafuri mara nyingine unapewa nafthalini, na pakiti haina maandishi. Chukua glasi ya maji matupu, tia kidonge. Kikielea ni kafuri. Kikizama, chukua nusu glasi ya maji ya uvuguvugu, koroga vijiko vitatu vikubwa vya chumvi mpaka chumvi ikatae kuyeyuka, ukitie humo. Nafthalini itaelea. Kikizama hata humo, basi ni kile cha aina ya klorini, ambacho dhara lake kwa chembe ni dogo zaidi, ingawa karibu na mtoto sikitaki pia.

Nguo zilizokwisha kukaa nacho si za kutupa. Zianikwe nje kwenye upepo siku kadhaa, kwani kilichoingia kama mvuke hutoka kama mvuke, kisha zifuliwe. Zikinuka bado, zirudi kambani. Kufua peke yake hakutoshi.

Na kuhusu damu chafu. Jeni ya G6PD ipo kwenye kromosomu X. Mtoto wa kiume ana moja tu, na ameipata kwa mama. Ikiwa na kasoro hana ya kusaidia. Mama ana mbili, mara nyingi moja nzima, naye anaishi bila kujua lolote. Uchafu haupo hapo. Ukiangalia ramani ya upungufu huu unaifuata malaria, maana humpa mwenye nao kinga kiasi, kama siko seli, ambayo Anthony Allison aliihusisha na malaria mwaka 1954 baada ya kuona iko juu huku Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na chini kule nyanda za juu. Nilimweleza bibi hivyo, polepole. Alisikiliza, kisha akamshika mkwewe mkono.

Miezi mitatu ilipofika, mama alikuja na mtoto amenenepa. Nilitia tone la damu yake kwenye dawa, na la mtu mwingine kando yake, nikazidondosha kwenye karatasi ya chujio, nikazima taa ya chumba na kuwasha ya urujuanimno. Doa la jirani, lenye kimeng'enya, liling'aa buluu. La mtoto likabaki giza.

Mama aliliangalia kitambo.

"Daktari," akasema, "kaka yangu aligeuka manjano hivihivi zamani, alipopewa dawa ya ngozi. Tulidhani ni ini."

Nikamwomba aje naye asubuhi.