Hisabati ianzie ufukweni: somo la bamvua Mikindani

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa pili mlinganyo ubaoni, ataukokotoa mpaka mwisho. Mwambie autunge mwenyewe kutokana na jambo analoliona kila siku, kalamu inasimama. Katika kufundisha hisabati tumizi hapa Mtwara, hilo ndilo pengo linaloniumiza zaidi, na sisi walimu tumelichangia kwa kutanguliza kanuni na kuchelewesha maisha.

Siku hizi naanzia Mikindani. Maji yakiwa yamekupwa tunasimika ufito wenye alama za sentimita, na vijana wanasoma kina kila nusu saa, kwa zamu. Kabla hawajaandika chochote nawatuma kwa wavuvi wakaulize maji ya kesho yatajaa lini.

"Yatachelewa, wanangu," mzee mmoja aliwajibu. "Saa nzima haifiki, ila inakaribia."

Ni takriban dakika 50, kwa kuwa tangu maji yajae hadi yajae tena hupita saa 12 na dakika 25, na hadi kesho hujaa mara mbili. Mzee alikuwa amewapa namba muhimu kuliko zote, ile inayoingia ndani ya kosaini, kanuni ya hisabati inayochora wimbi la kupanda na kushuka.

Tuseme maji yakijaa ufito unasoma mita 3.6, yakipwa mita 0.6. Katikati ni 2.1, na maji hupanda na kushuka mita 1.5 kutoka hapo. Saa mbili baada ya kujaa, kosaini inatoa karibu mita 2.9. Wanapima, wanakuta ndivyo, wanafurahi. Nami sisemi kitu, nasubiri wiki ipite.

Wiki ikipita bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, imekwisha; ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Fomula yao bado inadai mita 3.6, ufito haufiki hata 3. Hapa mwalimu asiwahi kutoa jibu. Waache wabishane mpaka mmoja, mara nyingi mtoto wa pwani, aseme: "Mwalimu, mwezi umebaki nusu."

Basi wanagundua kwamba kosaini moja haitoshi. Mwezi una wimbi lake la saa 12.42, ndizo zile saa 12 na dakika 25, jua nalo lina la saa 12 kamili, dogo zaidi, nguvu yake haifiki nusu ya lile la mwezi. Yakikutana ni bamvua, yakipingana ni maji mafu. Zidisha 12 kwa 12.42, gawanya kwa 0.42: unapata saa 355, kama siku 14.8, ndiyo nafasi ya bamvua hadi bamvua. Na kwa nini bamvua hapa hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, mwezi hadi mwezi? Kwa sababu wimbi la jua halihami kwenye saa. Wavuvi wanalijua hilo tangu utotoni. Wanafunzi sasa wanalithibitisha.

Mwanafizikia William Thomson wa Glasgow alijumlisha mawimbi ya namna hii, na mwaka 1872 akabuni mashine ya kutabiri maji. Sisi tunatumia jedwali la kwenye simu.

Nawasihi walimu wenzangu tubadili na mitihani. Nusu ya alama naziweka kwenye walichokichukulia kuwa kweli, walichokiacha, kama msukumo wa upepo wa kusi, na ukubwa wa kosa lao. Aliyezoea hivyo ataweza kuandika hata mlinganyo wa korosho zinavyopoteza unyevu juani.

Mwezi ukiandama tunarudi na ufito wetu. Safari hii wanakwenda na jedwali la siku 15 mkononi, na mzee amekubali kulikagua.