Mhakiki mwanafunzi ni nani, na anahakiki nini hasa?

Mhakiki mwanafunzi ni mtu aliye bado masomoni, sekondari au chuoni, anayekwenda kutazama michezo ya kuigiza inayotayarishwa na shule na vikundi vya mahali anapoishi, kisha akaiandikia tathmini ya kusomwa na watu. Hao wasomaji ndio wanaomtenga na mwanafunzi mwingine yeyote wa fasihi. Insha ya darasani inakwenda kwa mwalimu, ambaye ameshakisoma kitabu na anataka tu kuona kama nawe umekisoma. Uhakiki wa onyesho unakwenda kwa mtu ambaye huenda hakuwepo ukumbini, na wakati huohuo unakwenda kwa waigizaji wenyewe, ambao watausoma neno kwa neno.

Anachokihakiki si tamthilia, ni onyesho. Tamthilia ni maandishi. Yanaweza kukaa kabatini miaka mia yasibadilike hata nukta. Onyesho huisha pazia likifungwa. Ijumaa mwigizaji mkuu amekaukiwa na sauti, Jumamosi imemrudia: maneno ni yaleyale, maonyesho ni mawili. Kwa hiyo ni vyema mhakiki ataje alitazama la siku gani.

Hapo ndipo wengi hujikwaa, na si kwa uvivu. Wamefundishwa kuchambua maandishi, yaani dhamira, migogoro, wahusika na matumizi ya lugha, basi wakitoka ukumbini wanaandika aya nne za dhamira na kumalizia kwa sentensi moja: “Waigizaji walijitahidi sana.” Mazoea haya yana babu wa mbali. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaja sehemu sita za tanzia, yaani mchezo wa kuigiza wa huzuni, na kile kinachoonekana kwa macho jukwaani akakiweka mwisho, akisema nguvu ya tanzia ipo hata bila waigizaji. Yeye alikuwa akieleza utunzi, kwa hiyo tumsamehe. Mhakiki wa onyesho akimfuata, kiingilio chake kimekwenda bure.

Dawa yake ni kueleza kilichoonekana na kusikika kabla ya kutoa hukumu. Ukiandika “aliigiza huzuni vizuri,” hujamwambia msomaji kitu. Andika hivi: “Alipoletewa habari za kifo cha nduguye hakulia. Aliendelea kukunja nguo, na kila nguo aliikunja ikawa ndogo kuliko iliyotangulia.” Sasa msomaji ameona, na neno “vizuri” halihitajiki tena.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumpa kila mtu sifa na lawama zake. Tuseme maneno ya binti fulani hayakufika viti vya nyuma. Huenda sauti yake ni ndogo kweli. Lakini huenda pia mwongozaji ndiye aliyempanga aipe hadhira mgongo, au mpiga ngoma hakupunguza, au paa la ukumbi linameza sauti za wote. Mhakiki asiyetazama huku na huku atamtwika binti huyo mzigo wa watu watatu. Vivyo hivyo mandhari: kochi likiziba njia hata watu wakapishana kwa tabu, hilo si kosa la mwenye kupishana. Na mzaha usiochekesha unaweza kuwa wa mwandishi mwenyewe, na mwigizaji amefanya alichoweza. Kusahau neno moja na kulipata baada ya sekunde mbili hakustahili hata kutajwa, isipokuwa kama wenzake walimwokoa kwa ustadi. Hapo wataje wao.

Kisha kuna suala la undugu. Mhakiki huyu anawajua anaowaandika, au anawajua wanaowajua. Kesho watakutana kwenye basi. Nchini Marekani mpango uitwao Cappies, ulioanzishwa mwaka 1999 kaskazini mwa Virginia karibu na Washington, unalikabili hilo kwa namna nyepesi kuelezeka: wanafunzi wa sekondari huhakiki michezo ya shule nyingine, si ya kwao. Wanakaa pamoja kuujadili mchezo huku mtu mzima akiwaongoza, halafu kila mmoja anaandika uhakiki wake. Mimi naupenda mjadala ule kuliko hata kanuni yenyewe, maana mtu aliyeketi kulia kwako mara nyingi ameona uso ambao wewe ulikingwa na nguzo usiuone.

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: je, wanafunzi wapimwe kwa kipimo cha waigizaji wa kulipwa? Hapana, lakini wasihurumiwe pia. Kipimo ni kile ambacho onyesho lenyewe lilijiwekea. Kikundi kilichochagua jukwaa tupu kisilaumiwe kwa kukosa mapambo. Kilaumiwe kama utupu ule haukufanya kazi yoyote.

Wengine huiona kazi hii kama mchezo wa watoto. Kenneth Tynan wa Uingereza alikuwa akiandika uhakiki tangu siku zake za uanafunzi Oxford, na mwaka 1954, akiwa na miaka 27, gazeti la The Observer lilimchukua kuwa mhakiki wake wa maigizo. Wengi hawatafika huko, wala hawaendi kwa sababu hiyo. Wanakwenda na daftari dogo, wanaandika gizani bila kutazama karatasi, na asubuhi nusu ya mwandiko wao hausomeki, kwa hiyo ni heri kuandika rasimu usiku uleule.