Wameipata wapi anwani yangu?

"Mwanangu, huyu mtu kanijuaje?"

Ndivyo alivyonipokea Bi Mkubwa mmoja mwenye nyumba ya wageni pale Malindi, Unguja, hata kahawa hajanimiminia. Simu iko mkononi, barua pepe imefunguliwa. Mtumaji ni yeye mwenyewe: anwani yake, herufi kwa herufi. Ndani, mtu anadai amemrekodi kwa kamera ya kompyuta na anataka pesa, la sivyo atamwaibisha kwa kila anayemjua. Na kama ushahidi, ametaja nenosiri lake. Kompyuta ya mapokezi haina kamera, nikamwonyesha. Lakini nenosiri lilikuwa lake kweli, la zamani, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Kazi yangu ni kuhudumia seva za barua pepe hapa mjini: nyumba za wageni, skuli mbili, ofisi moja moja. Swali lake ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na watu huliuliza kana kwamba kuna mtu kakaa mahali anawalenga wao. Hakuna anayekulenga. Anwani yako imo tu kwenye orodha, na kila njia iliyoipeleka huko huacha alama yake.

Kwanza hili la kujiandikia mwenyewe. Barua pepe husafiri kwa kanuni iitwayo SMTP, aliyoiandika Jonathan Postel mwaka 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa wa watafiti na vyuo, watu wanaojuana. Kanuni ile haimwombi mtumaji kitambulisho. Ni sawa na kwenda posta ya Shangani na bahasha uliyoandika nyuma sanduku la posta la jirani yako. Karani atagonga muhuri, barua itakwenda. Kwa hiyo yule bwana hakuingia popote. Kaandika jina la Bi Mkubwa nyuma ya bahasha, basi. Na tusimlaumu Postel kwamba ndiye aliyeleta usumbufu, maana ulikuwapo kabla yake: tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwatumia tangazo watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, kwa mkupuo mmoja. Walikasirika sana. Jina la spamu lenyewe, yaani barua kama hizo zisizoombwa, ni la nyama ya nguruwe ya kopo ya Kimarekani, jambo ambalo Bi Mkubwa alipolisikia alisema alijua tu haikuwa na kheri.

Tukaja kwenye nenosiri. Nikamuuliza alilitumia wapi. Akafikiri, akamwita mjukuu wake, na mjukuu akakumbuka: akaunti moja ya mtandaoni aliyomfungulia bibi miaka ile, ikasahauliwa. Nikaiingiza anwani kwenye Have I Been Pwned, tovuti aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013, inayokueleza kama anwani yako imo katika data zilizoibwa. Ilikuwamo. Huo ndio mlango mkubwa kuliko yote siku hizi. LinkedIn iliibiwa mwaka 2012, Adobe mwaka 2013. Yahoo ilikuja kukiri kwamba wizi wa mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote, bilioni 3. Data hizo huuzwa, hunakiliwa, huuzwa tena, mwisho hutupwa bure. Mwenye kutisha watu huchukua safu mbili, anwani na nenosiri, akaviingiza kwenye barua moja ileile kwa programu, akaituma kwa malaki. Hajui hata kama Bi Mkubwa ni mwanamke.

Lakini Bi Mkubwa alikuwa na tatizo la pili, na hili lilinivutia zaidi kwa sababu lilikuwa kosa la fundi mwenzangu. Alikuwa akipata spamu mia na zaidi kwa siku. Nikafungua daftari la seva, lile linaloandika kila anayebisha hodi. Saa nane usiku kuna mgeni kaja anauliza mfululizo: yupo info? yupo sales? yupo admin? yupo john? yupo michael? yupo peter? Seva iliyokaa sawa hujibu 250 kwa aliyepo na 550 kwa asiyekuwapo, na mgeni huondoka na yale ya 250 tu. Hii ni ndugu ya ule ujumbe wa simu tunaoujua sote, "ile hela tuma kwenye namba hii". Anayetuma hajui nani anadaiwa. Anajaribu namba, atampata mmoja aliyekuwa njiani kulipa kodi ya nyumba. Kilichonichekesha ni majina. Usiku kucha wanamtafuta Michael katika nyumba ambayo wafanyakazi wake ni kina Makame na Mwanaisha. Wangekosa wote. Ila yule fundi aliiwekea seva ipokee chochote kinachoishia na jina la kikoa chao, yaani lile linalofuata @, kisha imrundikie Bi Mkubwa. Kwa hiyo John yupo, Michael yupo, Peter yupo, na wote wanaletewa barua kila asubuhi. Kuizima ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Njia ya tovuti ni nyepesi kueleza. Kuna roboti zinazozunguka kurasa zikitafuta alama ya @ na kuchukua kilichoizunguka. Anwani ya nyumba ilikuwa chini ya kila ukurasa. Nikaweka fomu badala yake, ingawa kwa anwani iliyokwisha chukuliwa hiyo ni kufunga banda ng'ombe ashatoka.

Watu huniambia, basi izuie hiyo kompyuta inayotuma. Ukisoma mistari ya juu ya barua, ile ambayo simu huificha, utaona ilikopita. Barua ya Bi Mkubwa ilitoka kwenye intaneti ya nyumbani kwa mtu huko Amerika ya Kusini, ambaye bila shaka alikuwa amelala huku kompyuta yake yenye virusi ikifanya kazi ya mwingine. Kesho ni kompyuta nyingine. Kinachouma ni kumkata anayeziamrisha: tarehe 11 Novemba 2008 kampuni ya McColo ya California, iliyohifadhi seva za waamrishaji hao, ilipokatiwa intaneti, spamu ya dunia nzima iliporomoka siku hiyohiyo. Kisha wakahama, ikarudi.

Mimi huku niliandika mistari mitatu kwenye DNS ya kikoa chake, daftari la hadharani ambalo seva nyingine hulisoma, ambayo ilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. DKIM ni sahihi inayotiwa ndani ya kila barua. DMARC inaziambia seva nyingine zilinganishe jina linaloonekana na hayo mawili, na lisipolingana, barua ikataliwe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huzidai hizi kwa wanaotuma kwa wingi. Bi Mkubwa hajajiandikia tena.

Kisha nikamtengenezea anwani tofauti kwa kila anayemwomba: moja ya muuza mashuka, moja ya benki, moja ya kampuni ya kutembeza watalii. Wenye Gmail wanaweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno kabla ya @, japo wajanja huifuta. Wiki iliyopita akanipigia: imeingia barua ya kasino. Imeandikwa kwa nani, nikamuuliza. Akaisoma polepole, akairudia. Ilikuwa ile ya watembeza watalii.

"Haya, wacha nikate," akasema, "niwapigie hao."